Nilivyosoma Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Siku ya mtihani wetu wa kwanza, wazazi walikuja shuleni wakiwa mashahidi. Hawakuwa wajinga. Jumapili, baada ya sala, mwalimu alikuwa ametangaza kwamba mzungu mkaguzi atashuka kutoka kituo cha misheni milimani, atamsimamisha kila mwanafunzi mbele ya watu na kumwuliza maswali, na atakayeshindwa kujibu ataandikwa katika kitabu. Nani kwetu alikuwa amewahi kusikia maneno ya namna hiyo nje ya baraza? Mtu akisimamishwa mbele ya watu na kuulizwa, ameshitakiwa. Kilichobaki ni kujua ameshitakiwa kwa kosa gani.

Jioni ile ya Jumapili baba alikuja kusimama karibu nami nilipokuwa namenya ndizi.

"Niambie mimi kabla sijasikia kwa watu," akasema. "Umefanya nini huko shuleni?"

"Sijafanya kitu, tata. Nimejifunza kusoma."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakiogopa. "Basi ndilo hilo. Nitakuja kukusimamia."

Ilikuwa miaka ya Wajerumani, kabla vita havijafika ziwani. Kijiji chetu kiko upande wa Talatala, kwenye nchi tambarare ambako maji ya milimani yanachoka kukimbia na kuanza kutembea. Ukisimama kwenye uwanja wa shule asubuhi, unaiona milima imejipanga mashariki, na chini yake ziwa, mstari mwembamba unaong'aa. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ndefu ya mianzi iliyoezekwa nyasi. Haikukandikwa udongo, kwa hiyo upepo wa ziwa uliingia na kutoka ulivyopenda, na sisi ndani tulikaa tukiwa na mistari ya jua usoni kama tumechorwa.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kuwafundisha wadogo. Mwalimu, kijana wa kutoka milimani mwenye koti moja jeusi, alikuwa amewarudisha nyumbani watoto wadogo wote kwa sababu hakuweza kutufundisha sisi na wao kwa wakati mmoja. Lakini walikuwa wanakuja tu. Kila asubuhi walijishikiza nje kwenye mianzi, macho yao yakichungulia katikati ya nyufa. Mimi nilipokwenda kijitoni kuchota maji walinifuata, na pale kwenye mchanga wenye unyevu nilikuwa nawachorea herufi kwa kidole. Siku moja mwalimu alitukuta. Hakukasirika. Alizitazama herufi mpaka maji yakaja yakazifuta.

"Mkaguzi akiandika kwamba umefaulu," akaniambia, "darasa la wadogo ni lako. Akiandika kwamba umeshindwa, sitakuwa na la kusema. Watauliza kwa nini nimemchagua binti asiyejua."

Nikaenda nyumbani nikiwa nimebeba mtungi mtupu. Nilikuwa nimesahau maji.

Siku zilizofuata, habari ya mtihani ilizungumzwa kila mahali, na nilikuwa nasikiliza kila mahali. Wengine waliona ni haki: mtoto ameacha kulinda mpunga dhidi ya ndege miaka miwili, aseme sasa alikuwa anafanya nini. Wengine waliona ni dharau kwa mwalimu; kama mwalimu anasema wanajua, mkaguzi anatafuta nini? Mama yangu hakuwa upande wowote. Yeye alikuwa anawaza vyungu. Wanawake Wakisi walikuwa wanatuletea vyungu kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ile ya ziwa, na mama hakupokea chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Mimi chungu nakigonga mwenyewe," alisema. "Simwulizi mfinyanzi, wala simtumi mtu wa milimani aje anigongee. Sisi ndio tutakaokipikia; yeye atakula chakula gani hapa?"

"Mtoto si chungu," akasema baba.

"Ndiyo maana nataka kujua anagongwa wapi."

Hapa lazima nieleze jambo la mkwe, maana bila hilo hakuna atakayeelewa yaliyotokea. Mwaka ule ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameingia zizini kwa baba. Kijana mwenyewe alikuwa amekwenda kazi ya upagazi, na mimi nilikuwa bado nakaa nyumbani. Lakini kwetu, ng'ombe wakishaingia, msichana na baba mkwe wake hawaonani tena. Si kwamba hawasalimiani tu. Hawaonani. Nikimwona kwa mbali njiani, naingia migombani, najifunika kichwa, nageuza mgongo mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, kubwa kuliko kupiga magoti. Na mkwe mwungwana husaidia. Wangu alikuwa na kikohozi alichokitoa kwa makusudi kila alipokaribia mahali penye wanawake: mara mbili kifupi, mara moja kirefu. Mama alinifundisha kukijua kikohozi hicho kabla hata sijaijua vizuri sura ya mchumba wangu.

Mkaguzi alifika asubuhi kwa miguu, suruali yake imelowa umande mpaka magotini. Alikuwa mzungu mrefu mwenye miwani, na alikuwa ameishi milimani miaka mingi kiasi cha kuweza kutusalimu "Mugonile" bila mtu kucheka. Aliwakuta watu wamejaa. Wanaume walikuwa wameketi ndani kando ya ukuta, wamepaka mafuta, wanyamavu, kama wanavyoketi watu wenye shauri zito. Wanawake walikuwa nje wakiangalia kupitia nyufa. Mkaguzi alifurahi sana. Alimwambia mwalimu kwamba hajawahi kuona wazazi wanaopenda elimu namna hii.

Mvulana wa kwanza alisimama. Mkaguzi akamwuliza, "Una ndizi tisa. Ukimpa ndugu yako nne, unabaki na ngapi?"

Kabla mtoto hajafungua mdomo, baba yake akasimama. "Bwana, mimi ni shahidi. Huyu hajawahi kuwa na ndizi tisa. Za kwetu zote zinakaa kwa mama yake."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, nyumba hiyo wanaijua. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwalimu alieleza kwa haraka, na yule baba akaketi, lakini hakuonekana kuridhika. Mtoto alijibu tano.

Wa pili alikwama, na mwenzake aliyekaa nyuma yake akamnong'oneza jibu. Mkaguzi akaligonga daftari kwa penseli, akawaandika wote wawili kwa ubaya. Manung'uniko yakapita nje ya ukuta kama upepo kwenye majani ya migomba.

"Yule wa nyuma ni mtoto mzuri," mwanamke mmoja akasema. "Hakumwacha mwenzake."

"Basi ndiye aliyeandikwa zaidi," akajibu mwingine.

Halafu mkaguzi akauliza ziwa letu linaitwaje. Bibi mmoja mzee, jirani yetu, aliweka mdomo kwenye ufa, na sauti yake ikaingia wazi kwa kila mtu. "Mzungu huyu amekaa na ziwa hili miaka yote, hajui jina lake?"

"Anajua, bibi," mwalimu akasema.

"Anajua?"

"Anajua kila anachouliza."

Bibi akasogeza mdomo zaidi kwenye ufa. "Sasa anauliza nini?"

Swali lile lilinikaa, na mpaka leo halijaondoka. Nilikuwa nimefundishwa tangu mdogo kwamba anayeuliza anachokijua anamtega mwenzake, au anamcheka. Nilimtazama mkaguzi. Hakuwa anamcheka mtu. Uso wake ulikuwa na uchovu na subira, uso wa mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Nikajiuliza anatafuta nini ndani yetu ambacho hawezi kukiona kwa macho.

Jina langu likaitwa. Nikasimama, nikashika kitabu, nikavuta pumzi. Na pale, karibu na mlango, nikasikia: mara mbili kifupi, mara moja kirefu.

Alikuwa amekuja. Kulikuwa na baraza, na binti aliyemtolea ng'ombe alikuwa anashitakiwa. Angewezaje kukaa nyumbani? Alikuja kunisimamia kama baba yangu alivyokuja, na alikohoa kwa sababu ya heshima alipofika mlangoni, akiwa hajui kwamba ni mimi niliyesimama ndani.

Sikufikiri. Mwili ulishafundishwa. Nilijifunika kichwa kwa nguo, nikageuka, nikapita katika uwazi wa nyuma ambako mianzi ilikuwa haijafungwa, na nikajikuta nje, nimesimama kati ya ukuta na mgomba. Kitabu nilikuwa bado nimekishika.

Ndani penseli ikagonga daftari.

"Amekimbia," nikamsikia mkaguzi akisema.

"Hakukimbia, bwana," mwalimu akasema. "Mkwe wake yumo."

"Nayajua mambo ya mkwe. Lakini shuleni hakuna mkwe. Kuna mwanafunzi na mkaguzi. Arudi, au niandike."

Mwalimu akamwomba baba mkwe atoke nje kidogo tu. Ndipo nikaisikia sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu namna ile. Ilikuwa nzito na ya taratibu.

"Mimi ni shahidi. Shahidi akitoka kabla ya neno la mwisho, aliyeshitakiwa ameanguka. Mtasema mkwe wake mwenyewe alimkimbia. Sitoki."

"Hajashitakiwa, mzee."

"Mbona yule ameandikwa? Na yule?"

Baba yangu ndiye aliyesema. "Binti yuko nyuma ya ukuta hapo. Asome hapo hapo alipo. Mila inakataza macho."

"Na sauti?" mtu akauliza. "Mkamwana amsemeshe mkwe?"

"Hamsemeshi mkwe," akasema yule bibi kutoka nje, kwa ukali. "Anaisemesha karatasi."

Watu walicheka, na nilisikia baba mkwe akigeuza kiti chake, akiupa mgongo upande niliokuwa. Lakini mkaguzi hakucheka. "Nitajuaje kwamba anasoma?" akasema. "Kitabu hiki kila mtu hapa amekikariri. Asubuhi hii nimewasikiliza watoto wakisoma ukurasa ambao hawajaufungua."

Nikiwa pale nje, uso umekaribia mianzi, niliona kwamba ana haki. Shule nzima ilikuwa na vitabu vya kuhesabika kwa vidole, na tulivijua kama tunavyozijua nyimbo za mavuno. Hata mimi sikuwa na hakika kama macho yangu yanasoma au mdomo wangu unakumbuka. Kwa mara ya kwanza nikataka kujaribiwa, si kwa ajili ya darasa tu. Nilitaka kujua.

Nikamsikia akifungua mkoba. Alitafuta muda mrefu. Halafu kukawa na harufu ya sabuni, na katika ufa mbele ya pua yangu vikapita vidole viwili vyeupe vilivyoshika kipande cha gazeti, kimekunjamana, upande mmoja kimelowa. Ilikuwa ni karatasi iliyofungia sabuni yake tangu pwani.

"Soma hiyo," akasema. "Mimi mwenyewe sijaisoma."

Ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili nilikijua kwa kitabu kuliko kwa mdomo, na herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya siafu. Nikaanza polepole. Mwalimu alikuwa anatafsiri ndani, sentensi baada ya sentensi, kwa wasiokijua.

Karatasi ilisema kwamba katika mji mmoja wa pwani mtu alimshitaki jirani yake kwa ajili ya punda. Punda huyo alilia kila alfajiri, na mshitaki alikuwa haamki kwa hiari yake tena.

"Punda ni nini?" mtu akauliza.

"Ni kama ng'ombe," akasema mwanamume aliyewahi kufika pwani na mizigo, "lakini hana pembe, na hana adabu."

"Endelea, binti," baba yangu akasema.

Nikaendelea. Mwenye punda alijibu kwamba punda alikuwepo pale kabla ya jirani kujenga, na kwamba halii kwa nguvu, analia kama wenzake. Neno moja refu lilinishinda, nikalirudia mara mbili. Hakimu alisema hawezi kuamua juu ya sauti ambayo hajaisikia. Akaagiza punda aletwe barazani. Punda akaletwa. Akasimamishwa mbele ya watu. Wakamngoja. Punda hakulia.

Kicheko kilianza kwa wanaume, kikatoka nje, kikazunguka nyumba mpaka kikanifikia nyuma.

"Ameshindwa mtihani," mtu akasema.

"Labda mkwe wake alikuwepo."

Hata mimi nilicheka, nguo imefunika kichwa. Halafu nikasoma: hakimu akaahirisha, akasema punda aletwe tena siku ya pili kabla ya jua kuchomoza, na siku ya pili watu walipokusanyika, punda...

Nikanyamaza. Hapo sabuni ilikuwa imeila karatasi. Maneno yalikuwa yamegeuka kuwa doa la bluu, na baada ya doa hakukuwa na karatasi.

"Halafu?" akasema mkaguzi.

"Hakuna, bwana. Imechanika."

"Punda alifanya nini?"

"Sijui."

Yule bibi akapiga kofi moja dogo. "Sasa ameuliza," akasema. "Hilo ndilo swali."

Mkaguzi alinyoosha vidole kupitia ufa, nikampa karatasi. Nilimwona kwa vipande katikati ya mianzi, kipande cha miwani, kipande cha ndevu, akifuata mistari kwa penseli mpaka kwenye doa. Akageuza upande wa pili. Akarudi tena kwenye doa. Wanaume walikuwa wameanza kubishana: wengine walisema punda alilia na mwenyewe akahukumiwa, wengine kwamba mnyama mwenye akili kiasi cha kunyamaza siku ya kwanza hawezi kusahau siku ya pili. Mzungu aliwasikiliza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, "Amesoma."

Nikaushika ukuta.

"Lakini sikumwona akisoma," akaongeza. "Kanuni inasema mwanafunzi asimame mbele ya mkaguzi." Akaandika neno fupi, akafunga daftari. Baada ya kula alichopikiwa, aliondoka kabla mvua ya jioni haijashuka.

Ni mwalimu aliyekuja kuniambia neno hilo. Mkaguzi hakuandika kwamba nimefaulu, wala kwamba nimeshindwa. Aliandika kwamba sikuwepo. Baba alisikia, akataka aelezwe tena.

"Ameshinda au ameanguka?"

"Hakuwepo."

"Tulimsikia sote."

"Kitabu kinasema hakuwepo, mzee. Atajaribiwa mwaka ujao. Mpaka hapo siwezi kumpa darasa. Nikiulizwa, nitaonyesha nini?"

Mama alikuwa anaupita ukuta wa shule akielekea nyumbani. Akasimama, akainua kifundo cha kidole, akagonga mwanzi mmoja mara mbili, akainamisha sikio. Akaendelea na safari yake. Nilimfuata nikilia, na nilikuwa nashangaa kwamba naweza kulia na huku nikiwaza juu ya punda.

Siku ya tatu yake nilikwenda shuleni kuchukua kitambaa nilichokisahau. Nyuma ya ukuta, mahali pale pale niliposimama, walikuwa wameketi watoto wadogo. Wale wa nyufa walikuwepo, na wengine ambao sikuwahi kuwaona shuleni. Mbele kabisa walikaa wasichana wawili walioogeshwa na kupakwa mafuta, nywele zimenyolewa vizuri. Niliwajua. Walikuwa mabinti wadogo wa baba mkwe.

"Nani amewatuma?" nikauliza.

"Tata," akasema mkubwa.

"Amesema nini?"

"Amesema tuje tusikie punda alifanya nini."

"Mimi sijui alifanya nini. Karatasi ilichanika."

Akafikiri. "Tata amesema ukijua utatuambia. Amesema tukae mpaka ujue."

Niliketi chini. Nikasawazisha mchanga kwa kiganja na kuandika herufi ya kwanza. Mwalimu alitoka, akazunguka pembe ya nyumba, akatuona. Aliangalia ukuta, akaangalia sisi tulivyokaa upande wa nje, na nadhani alikuwa anapima neno kwa neno kanuni aliyofundishwa. Kisha akarudi ndani. Darasa langu halikuwa shuleni, kwa hiyo halikuhitaji kuandikwa.

Kitu kimoja kilinisumbua. Njia ya baba mkwe kwenda shambani ilipita nyuma ya shule, hatua chache kutoka tulipokaa. Kila asubuhi nilitega sikio. Akikohoa, ningelazimika kuruka na kujificha mbele ya watoto, na darasa lingevunjika kila siku. Siku ya kwanza hakukohoa. Ya pili hakukohoa. Nilifikiri anaumwa. Baada ya juma moja nilikwenda kukata majani ya migomba, na kule mbali, upande wa pili wa bwawa, nikaona migomba imepunguzwa, matete yamekatwa na kulazwa kwenye matope ili mguu upate pa kukanyaga. Njia mpya ilizunguka bwawa zima. Mtu anayeipita huongeza mwendo wa kutosha kuchemsha chungu cha ndizi. Ilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, mguu wa kushoto ukielekea nje kidogo, zile zile nilizokuwa naziona kwenye njia ya nyuma ya shule.

Mwaka uliofuata vita vilikuja ziwani, na mkaguzi hakurudi. Katika daftari lake, popote lilipo, mimi bado sikuwepo. Watoto wale sasa wanasoma barua za ndugu zao walio mbali, na wakinikuta bado wananiuliza habari za punda. Nimeshaolewa. Ninaishi karibu na baba mkwe kiasi cha kusikia kuni zake zikipasuliwa, na sijawahi kuuona uso wake. Sijui kama ana ndevu. Sijui aliwaza nini siku ile alipokaa amenipa mgongo na kunisikiliza. Siwezi kumwuliza, na yeye hawezi kuniambia.

Siku hizi asubuhi, nikiwa nimekaa na watoto nyuma ya ukuta, husikia kikohozi kutoka ng'ambo ya bwawa: mara mbili kifupi, mara moja kirefu. Kwa mbali hivyo hakina haja tena. Nanyamaza kidogo, kidole kikiwa bado mchangani, mpaka amalize kuzunguka.